Nguzo Bila Jina: Alama za Makaburi ya Mawe katika Pwani ya Waswahili, Karne ya 14 hadi ya 19

1. Utangulizi

Katika mahame ya Kaole, kusini mwa Bagamoyo, kando ya magofu ya misikiti miwili, yamesalia makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa lipu ya chokaa. Baadhi yake yana nguzo iliyosimama wima juu ya ukuta wa kaburi, ndefu kupita kimo cha mtu. Makaburi ya namna hiyo yapo pia Kunduchi, Tongoni, Ras Mkumbuu kisiwani Pemba, Mnarani, Gedi, Malindi, Mambrui, Takwa na Shanga. Mengine yamebakiwa na mashimo ya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli na sahani za kaure kutoka China. Anayeyazuru kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: ni nani aliyelala hapa? Kwa makaburi mengi ya aina hii, jiwe halijibu. Halina jina, halina tarehe, wala halina sifa za marehemu.

Ukimya huo unahitaji maelezo. Kujenga kaburi la nguzo kulihitaji mali, mafundi, chokaa nyingi na vyombo vilivyovuka bahari. Watu walioweza kugharimia hayo hawakushindwa kumlipa mtu wa kuandika jina. Kuandika kulijulikana pwani: msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kwa nini basi waliojenga makaburi ya fahari kiasi hicho waliyaacha bila jina?

Makala hii inachunguza alama za makaburi ya mawe ya pwani ya Waswahili kwa kuzingatia mambo matatu kwa pamoja: mahali kaburi lilipojengwa, umbo na mapambo yake, na matumizi yake kwa walio hai. Hoja kuu ni kwamba alama hizo zilielekezwa kwa mji uliomjua marehemu tayari. Nguzo na kaure havikukusudiwa kumtambulisha maiti kwa mgeni; vilikusudiwa kuthibitisha, mbele ya wenyeji, nafasi ya ukoo wake katika mji. Kwa hiyo maana ya alama ilitegemea kuwapo kwa watu wanaokumbuka, na mji ulipohamwa, sehemu kubwa ya maana hiyo iliondoka nao.

2. Umbo, vifaa na mtawanyiko

Makaburi ya mawe ya pwani hayafanani yote. Yapo ya kawaida, yenye ukuta mfupi wa mstatili unaozunguka ardhi ya kaburi. Yapo yenye pembe zilizoinuliwa kwa ngazi, yenye kuta zilizogawanywa kwa vijumba vya mapambo, na yenye kuba, ambayo kwa kawaida huhusishwa na masharifu na watu waliosifika kwa ucha Mungu. Makaburi ya nguzo ni kundi moja miongoni mwa hayo, lakini ndilo lililovuta macho ya watafiti zaidi. Nguzo yenyewe huweza kuwa ya duara, ya mraba au ya pembe nyingi. Gedi kuna kaburi ambalo nguzo yake imechongwa mifereji ya wima kuanzia chini kwenda juu.

Vifaa vilikuwa vya pwani yenyewe. Tumbawe laini lililotolewa baharini lilichongwa likiwa bado bichi, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Ndilo lililofaa kwa mapambo. Tumbawe gumu la nchi kavu lilitumika kwa kuta. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Ufundi huo ndio uliojenga misikiti na nyumba za waungwana, na jambo hili lina uzito katika kuyafasiri makaburi: fundi aliyejenga kaburi la nguzo alitumia msamiati uleule wa ujenzi ambao wenyeji waliuona kila siku kibla cha msikiti na kwenye kuta za vyumba vyao.

Makaburi ya nguzo yanapatikana kuanzia pwani ya kusini mwa Somalia hadi pwani ya Tanzania. Tongoni, kusini mwa Tanga, ndipo penye kundi kubwa zaidi lililobaki mahali pamoja. Uarabuni na Uajemi, ambako kwa muda mrefu asili ya ustaarabu wa pwani ilitafutwa, hakujapatikana mfano wa moja kwa moja wa kaburi la aina hii. Ni aina iliyozaliwa na kukua katika miji ya Waswahili.

3. Ndani ya kaburi na juu ya kaburi

Wenyeji wa miji hii walikuwa Waislamu. Ibn Battuta, aliyezuru pwani mwaka 1331, aliwaeleza watu wa Mombasa kuwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi na wacha Mungu. Wanazuoni wa madhehebu hayo kwa jumla wamechukia kujenga juu ya makaburi na kuyapaka chokaa. Hivyo kaburi la nguzo linaonekana kupingana na imani ya waliolijenga, na watafiti wengine wameliona kuwa dalili ya Uislamu ambao haukukolea.

Fasiri hiyo inadhoofika pale ndani ya kaburi panapotofautishwa na juu yake. Chini ya ardhi, maziko ya miji hii yalifuata sharia. Maiti alilazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, ambacho katika pwani hii kiko upande wa kaskazini. Alizikwa na sanda yake, bila vito, silaha wala vyombo. Msamiati wa maziko uliodumu katika Kiswahili unaonyesha jinsi sehemu hiyo ilivyopewa uangalifu: mwanandani, yaani nafasi inayochimbwa ndani ya kaburi ili kumlaza maiti, na kiunza, yaani ubao unaomfunika asiangukiwe na udongo. Kwa mujibu wa taratibu hizi, tajiri na maskini walilala sawa.

Tofauti ilianzia juu ya ardhi. Mahali ambapo dini iliwasawazisha wafu, mji uliwatofautisha walio hai. Ukuta, nguzo na kaure havikumwongezea marehemu chochote katika safari yake, viliwahusu waliobaki. Kwa hiyo si lazima kuchagua kati ya Uislamu wa wajenzi na fahari ya majengo yao. Vyote viwili vilikuwapo, kimoja chini na kingine juu, na mvutano kati yake haukukoma. Unguja, katika karne ya 19, mvutano huo ulionekana wazi. Sayyid Said alifariki mwaka 1856 na kuzikwa Makusurani, mjini Zanzibar. Jengo la fahari lililoanzwa juu ya kaburi lake halikukamilika, jambo linalohusishwa na msimamo wa Waibadhi dhidi ya makaburi ya kifahari. Kwa watu wa Kaole au Gedi wa karne zilizotangulia, mizani hiyohiyo ilikuwa imeelemea upande wa pili.

4. Fasiri za nguzo

Fasiri za nguzo zimekuwa nyingi, na kila moja imebeba dhana fulani kuhusu Waswahili ni akina nani.

Fasiri ya kwanza iliitafutia nguzo asili ng'ambo. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka 1948, aliita kitabu chake cha mwaka 1954 kwa jina lililoufanya mji huo kuwa mji wa Waarabu. Katika mtazamo wa wakati huo, kila kilichojengwa kwa mawe kilihesabiwa kuwa kazi ya wageni. Tongoni iliwahi kuwa na kigae chenye maandishi ya Kiajemi, ambacho Richard Burton alikieleza baada ya kufika huko mwaka 1857, na kitu kidogo kama hicho kilitosha kuwafanya wengi waone Uajemi katika uwanja mzima wa makaburi. Hata hivyo, kigae kinaweza kuletwa na jahazi. Umbo la jengo halikuletwa, kwa kuwa halipatikani huko lilikodaiwa kutoka.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature umeiweka hoja hii katika hali mpya. Ulihusu mabaki ya watu 80 waliozikwa pwani na bara ya karibu kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Katika miji mingi ya pwani iliyochunguzwa, nasaba ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na nasaba ya upande wa baba ilikuwa na mchango mkubwa wa Asia, hasa Uajemi, kwa mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Matokeo hayo hayaurudishi umiliki wa makaburi kwa wageni. Yanaonyesha kuwa waliozikwa humo walikuwa watoto wa nyumba za pwani, wenye mama wa pwani, katika jamii iliyowapokea wageni na kuwafanya wenyeji. Katika jamii ya namna hiyo, kuthibitisha kuwa mtu ni wa mji lilikuwa jambo la maana, na kaburi lilikuwa mojawapo ya njia za kulithibitisha.

Fasiri ya pili iliiona nguzo kuwa alama ya uume na uzazi, na kuihusisha na desturi za jamii za pembe ya Afrika. Fasiri hii ina udhaifu wa kimantiki. Kama nguzo ingekuwa alama ya uzazi iliyotoka nje ya Uislamu, ingetarajiwa ionekane zaidi mbali na misikiti, katika vijiji na mashamba. Hali ni kinyume. Nguzo nyingi zimesimama mijini, karibu na misikiti mikuu. Huko Takwa, katika kisiwa cha Manda, nguzo imejengwa juu ya ukuta wa kibla wa msikiti wenyewe. Hilo halizuii kwamba wazo la kuendelea kwa kizazi lilikuwamo, kwani ukoo ni kizazi. Lakini nguzo haikusimama dhidi ya msikiti, ilisimama pamoja nao.

Fasiri ya tatu inalinganisha nguzo na vigango vya Wamijikenda, majirani wa Waswahili. Kigango ni ubao mrefu uliochongwa, wenye kichwa na mapambo ya pembetatu, ambao Wagiriama humsimikia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Kigango husimikwa nyumbani, si juu ya kaburi, na kikishasimikwa hakipaswi kuhamishwa. Ulinganisho huu hauthibitishi kwamba nguzo ilitokana na kigango wala kigango kutokana na nguzo, na kwa kuwa mbao huoza, historia ya kale ya vigango haiwezi kupimwa kama ile ya mawe. Faida yake ni nyingine. Unaonyesha kuwa katika eneo hilohilo la Afrika Mashariki, kusimamisha kitu kirefu kwa ajili ya marehemu lilikuwa tendo linaloeleweka, na kwamba aliyestahili kusimamishiwa alikuwa mtu wa hadhi. Katika msikiti mkuu wa Gedi, juu ya tao la mlango mmojawapo, umechongwa mkuki wa bapa pana, alama ya mamlaka inayofahamika katika jamii nyingi za Kiafrika. Wajenzi wa Gedi hawakuona aibu kutumia ishara ya bara katika nyumba ya ibada.

Kwa kuzingatia haya, nguzo inafasirika vyema zaidi kama alama ya hadhi na ya kudumu. Katika miji ya pwani, jiwe lilikuwa dai. Mwenye nyumba ya mawe alijulikana kuwa mwungwana asiye mpitaji, na mfanyabiashara aliyefika na pepo za kaskazi aliweza kumkabidhi mali kwa sababu nyumba yake haihamishiki. Kaburi la mawe lililipeleka dai hilo mbele zaidi: ukoo huu haukuanza jana, wazee wake wako hapa, nao hawaondoki. Nguzo ililifanya dai hilo lionekane kutoka mbali.

5. Kaure na vidaka

Alama ya pili ni kaure. Mabakuli na sahani zilipachikwa katika lipu, ama juu ya nguzo ama kwenye kuta za kaburi, uso wa chombo ukitazama nje. Katika makaburi ya kale zaidi hupatikana kaure ya kijani kutoka China. Baadaye ikaja ile nyeupe yenye maua ya buluu. Kaburi la nguzo la Mambrui na lile la Kunduchi yanajulikana hasa kwa vyombo hivi.

Maelezo rahisi ni kwamba kaure ilionyesha utajiri. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa kuwa utajiri ungeweza kuonyeshwa kwa namna nyingi. Swali ni kwa nini kilichaguliwa chombo cha kulia. Jibu linaelekeza kwenye nyumba. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa safu za vidaka vya lipu, na humo ndimo kaure ilimopangwa. Ndani ndiko kulikokuwa na faragha ya familia, ndiko wanawake walikoishi, na ndiko watoto walikozaliwa na maiti kuoshwa. Kaure iliyopangwa humo ilihusishwa na usafi, na pia na kinga dhidi ya jicho la hasidi. Kwenye misikiti kadhaa vyombo hivyo vilipachikwa pia katika mihrabu.

Kwa hiyo mtu wa mji aliyeliona bakuli katika ukuta wa kaburi hakuona China peke yake. Aliona ukuta wa ndani ya nyumba ukiwa umegeuzwa kutazama nje. Vijumba vilivyozama katika kuta za makaburi ya pwani ya kaskazini, hasa Pate, Siyu na Ishakani, vinaunga mkono usomaji huu, kwa sababu vinafanana na vidaka. Kaburi lilijengwa kwa sura ya nyumba, na bakuli lilisema kuwa nyumba hiyo ina wenyewe. Bakuli ni chombo cha kukaribisha pia. Ukoo ulioweza kuacha kaure yake ukutani, isitumike tena kumlisha mtu, ulitangaza kuwa ukarimu wake ulikuwa umekwisha kujulikana.

6. Uchache wa maandishi

Makaburi ya nguzo yenye maandishi ni machache, na machache hayo yana thamani kubwa kwa mwanahistoria. Gedi kuna kaburi, karibu na msikiti mkuu, lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Kirkman alilitumia kama kipimo: vyombo vilivyopatikana katika tabaka zinazohusiana na kaburi hilo viliweza kupewa umri, na kwa vyombo hivyo sehemu nyingine za mji zikapangiwa wakati wake. Kaburi la nguzo lililo nje ya ukuta wa Takwa lina maandishi yanayoliweka katika miaka ya 1680. Kaskazini zaidi, Mogadishu, kuna maandishi ya makaburi yanayofika karne ya 13.

Mifano hii inathibitisha kuwa ukosefu wa maandishi kwingineko haukutokana na ujinga wa kuandika. Ulikuwa uamuzi, au tuseme hapakuwa na haja. Katika mji wenye misikiti michache na koo zinazojuana, kila mtu alijua kaburi la nani liko wapi. Jina lilitunzwa katika nasaba zilizosimuliwa, katika hitima na dua za kila mwaka, na katika mabishano ya urithi. Jiwe lilikuwa kithibitisho cha maneno ambayo watu walikuwa nayo vinywani tayari. Kiswahili chenyewe kina neno linalolingana na kazi hiyo: jiwe au kibao kinachosimamishwa kaburini huitwa shahidi. Shahidi hasimulii kesi yote. Huitwa kuthibitisha kile ambacho wengine wamekwisha kukisema.

Ushahidi wa uchimbuaji wa Songo Mnara, jirani ya Kilwa, unaelekea upande huohuo. Huko makaburi hayakufichwa pembeni mwa mji, yalikuwa katika uwanja wa wazi uliozungukwa na nyumba, na karibu nayo zimepatikana changarawe nyeupe na sarafu. Vitu hivyo viliwekwa na watu waliokuja kaburini, si na waliozika peke yao. Kaburi liliendelea kuzuriwa, na kila ziara ililisoma upya.

Kuanzia karne ya 18 na kuendelea, mahusiano hayo yalianza kubadilika. Ujenzi wa nguzo ulipungua, ingawa haukukoma mara moja: Kunduchi ina makaburi ya nguzo ya karne ya 18, na moja kati ya makaburi mawili ya nguzo yaliyo kando ya msikiti wa Malindi huhesabiwa kuwa la karne ya 19. Vibao vyenye jina, nasaba na tarehe ya kufariki vikazidi. Badiliko hili lilikwenda sambamba na miji kupanuka, wahamiaji kuongezeka, na utawala wa Zanzibar kuenea pwani. Katika mji ambamo jirani hamjui jirani, nguzo haitoshi tena. Inabidi jina liandikwe.

7. Kumbukumbu baada ya mji kuhamwa

Hoja kwamba alama ilihitaji mji unaokumbuka inaweza kupimwa kwa kulinganisha mahame. Gedi ulihamwa kabisa kufikia karne ya 17. Wakazi wake walitawanyika na nasaba zao zikapotea pamoja na majina ya waliozikwa. Makaburi yalibaki msituni, na leo yanaitwa kwa majina waliyopewa na wachimbuaji: Kaburi lenye Tarehe, Kaburi la Nguzo ya Mifereji. Ni majina ya umbo, si ya watu. Mwaka 2024 Gedi uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haiwezi kurudisha jina hata moja.

Takwa ilihamwa pia katika karne ya 17, lakini hatima yake ilikuwa tofauti. Watu wake walivuka mlango wa bahari na kukaa Shela, katika kisiwa cha Lamu. Kwa vizazi vingi watu wa Shela wamerudi Takwa kwenye kaburi la nguzo kusoma dua na kuomba mvua. Umbali ni mfupi na mji ni mahame, lakini jumuiya haikukatika. Hapo nguzo imeendelea kufanya kazi iliyojengewa: kuwaunganisha walio hai na mahali.

Kaole inaonyesha njia ya tatu. Kaburi linalojulikana kuwa la Sharifa huzuriwa hadi leo na watu wanaopeleka haja zao, na hupelekewa ubani na sadaka. Wanaokuja wengi wao si wa ukoo wa marehemu, wala hawadai kuwa wenyeji wa Kaole ya kale. Kaburi limepata jumuiya mpya. Wapo wanaoikosoa desturi hiyo kwa hoja za dini, na ubishi huo ni mwendelezo wa mvutano uleule wa kale kati ya kinachofanyika chini ya ardhi na kinachofanyika juu yake. Kwa mwanahistoria, jambo la kuzingatia ni kwamba kaburi linalobishaniwa bado lina maana. Lililonyamaziwa ndilo lililo hatarini.

8. Kupotea kwa alama

Hatari ya kwanza ni ya asili. Bahari inakula fukwe, chumvi inamomonyoa lipu, na mizizi ya mibuyu na mivumo inapasua kuta. Tongoni nguzo nyingi zimeanguka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014.

Hatari ya pili ni mikono ya watu. Kaure nyingi zimeng'olewa, nyingine na wezi, nyingine na wageni waliotaka kumbukumbu. Baadhi ya vyombo vilitolewa kwa nia ya kuvihifadhi katika makumbusho. Hatua hiyo ya mwisho inaeleweka, lakini nayo ina gharama. Bakuli likiwa ndani ya kabati la kioo lina umri, nchi lilikotoka na jina la aina yake. Halina tena ukuta, nyumba wala ukoo. Shimo lililobaki kaburini nalo halieleweki kwa asiyejua kilichokuwamo. Vigango vimepitia hasara ya namna hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: vingi viliibwa katika miji ya Wamijikenda na kuuzwa ng'ambo kama sanaa, na viwili vilivyoibwa mwaka 1985 havikurudishwa Kenya kutoka Marekani hadi mwaka 2007.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Sheria hizo hulinda jiwe lisivunjwe. Haziwezi kulinda simulizi za mzee wa Shela anayejua kwa nini dua husomwa Takwa wala za mlinzi wa Kaole anayewapokea wazuru, iwapo hazitarekodiwa. Kwa mujibu wa hoja ya makala hii, simulizi hizo si nyongeza ya kaburi. Ndizo nusu ya maandishi ambayo jiwe liliachiwa bila kuandikwa.

9. Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa alama za makaburi ya mawe ya pwani hazifasiriki kwa kuangalia umbo peke yake. Nguzo ikitazamwa bila msikiti ulio jirani huonekana kuwa alama ya uume. Kaure ikitazamwa bila vidaka vya nyumba huonekana kuwa utajiri mtupu. Na ukosefu wa maandishi ukitazamwa bila nasaba za wenyeji huonekana kuwa upungufu. Zikirudishwa katika mji uliozijenga, alama hizi zinasema jambo moja kwa namna tatu: ukoo huu ni wa hapa, una nyumba hapa, na unajulikana hapa.

Kutokana na hayo, utafiti wa makaburi ya pwani unapaswa kuanza na watu wanaoishi karibu nayo kabla ya kupima kimo cha nguzo. Palipo na jumuiya inayozuru, kama Takwa na Kaole, masimulizi yake yanapaswa kurekodiwa kwa Kiswahili, kwa lahaja ya wasimulizi wenyewe, na kuhifadhiwa pamoja na michoro ya majengo. Pale ambapo jumuiya imekwisha kutoweka, kama Gedi, mwanahistoria anabaki na umbo, mahali na tarehe chache, na anapaswa kukubali kwamba jina halitapatikana. Waliojenga nguzo hizo waliamini kwamba daima atakuwapo mtu wa mji wa kumjibu mgeni anapouliza ni nani aliyelala hapa.